Tizama Mkia wa Tai, Usitizame Mwaka

Karibu kila riale ya Maria Theresa utakayoonyeshwa Lamu imeandikwa 1780. Aliyoiacha marehemu babu ni ya 1780. Aliyoisahau mtalii kwenye droo ya chumba cha wageni ni ya 1780. Iliyotoka kiwandani Vienna juzijuzi, wala haijawahi kununua hata kibaba cha mchele, nayo ni ya 1780. Anayekwambia kwamba sarafu yake ina miaka mia mbili na ushei huenda hadanganyi. Anasoma tu kilichoandikwa.

Maria Theresa, aliyetawala Austria, alifariki tarehe 29 Novemba mwaka huo wa 1780. Wakati huo sarafu yake ilikuwa imeshazoeleka mno katika masoko ya Bahari ya Shamu, na watu wa huko walikuwa hawataki kubadilishiwa hata nukta. Basi wenye viwanda wakaona heri waendelee kuipiga vilevile, sura ileile na tarehe ileile. Hawajaacha mpaka leo. Kwa anayekusanya sarafu maana yake ni kwamba mwaka, kitu cha kwanza ambacho kila mtu hukimbilia kukisoma, hapa hausaidii lolote. Kinachobaki ni mpigo: muhuri wa chuma uliingiaje kwenye fedha, ulifika wapi, ukakomea wapi. Mimi sarafu nazipenda kwa hilo kuliko umri wake, na najua wenzangu wengi wa pwani hawakubaliani nami.

Kufika kwake huku si siri. Riale ilikuja na biashara, haikuletwa na dola yoyote. Ilitoka Ulaya ikalipia kahawa ya Yemen, ikaingia Uhabeshi, ikashuka na majahazi ya kaskazi mpaka kwetu, ikalipa pembe, ngozi na boriti. Wazee hawakuichanganya na nyinginezo. Reale ya Sham ndiyo hii ya malkia. Reale ya mzinga ni ya Kihispania, ile yenye nguzo mbili. Reale Fransa ni faranga tano za Ufaransa. Mtu wa sokoni alizijua zote kwa kuzigusa. Na riale haikuwa pesa tu: ilikuwa pia jiwe la mizani. Wakia moja ya pwani ilikuwa uzito wa riale moja, na wakia kumi na sita zikafanya ratli. Kwa hiyo sarafu iliyopunguzwa kwa tupa iliharibu hesabu mara mbili, ya pesa na ya mizani.

Waingereza walipompeleka Jenerali Napier kupigana na Mfalme Tewodros kule Magdala mwaka 1868, jeshi lilibidi libebe riale kwa mamilioni, kwa sababu Mhabeshi hakuuza ng'ombe wala shayiri kwa sarafu nyingine. Vienna ikapata kazi. Mwaka 1935 Mussolini, naye akiinyemelea Uhabeshi, akapata haki ya kuzipiga Rome. London ikaona haiwezi kukaa nyuma, mwaka 1936 ikaanza kupiga zake. Paris na Brussels zikafuata, Bombay ikazipiga wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Birmingham baada ya vita. London iliacha mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikabaki Vienna peke yake. Zote hizo ziliandikwa 1780, na zote zilikuwa na kipimo kimoja: gramu 28.07 hivi, fedha sehemu 833 katika elfu, yaani gramu 23.39 za fedha halisi na iliyobaki shaba.

Sasa tuje mezani.

Mwanga kwanza. Watu huwasha taa ya simu wakaielekeza juu ya sarafu, halafu wanashangaa hawaoni kitu. Mwanga wa juu hufuta vivuli, na bila kivuli hakuna mwinuko. Nyumba zetu za Mkomani zina kiza, lakini saa mbili asubuhi dirisha linalotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, huleta mwanga wa ubavuni, laini, usiochoma. Tandika kitambaa cheusi, shika sarafu kwa ukingo, si kwa uso, kisha izungushe polepole kama unayetafuta kibla. Lenzi ya mafundi saa ya kukuza mara kumi inatosha kabisa. Inayokuza zaidi ya hapo itakufanya uone mikwaruzo tu.

Anza begani kwa malkia. Pana bizimu imeshika vazi lake, imezungukwa na lulu ndogondogo. Katika mpigo kamili kila lulu ni tufe lake, na kati ya lulu na lulu kuna bonde unaloweza kuliona. Katika mpigo dhaifu lulu zinaungana, zinakuwa mkufu uliokunjika. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walijulikana kwa kuzihesabu lulu hizi kabla hawajakubali malipo, na walikuwa na haki: aliyechonga muhuri wa kughushi mara nyingi alikosea hapo. Kisha panda kwenye nywele juu ya sikio, halafu ushungi. Malkia huyu alikuwa mjane tangu 1765, na kwenye sarafu amejifunika ushungi wa mjane na kilemba cha lulu juu yake. Sioni ajabu kwamba aliingia katika nyumba za Waislamu bila maneno. Mikunjo ya ushungi iangalie inapoteremka nyuma ya shingo: iwe mifereji, isiwe kivuli cha mifereji.

Geuza. Tai mwenye vichwa viwili, ngao kifuani, na ndani ya ngao nembo za nchi zake zilizobanana. Hapo ndipo patamu. Kifua cha tai na bega la malkia viko karibu na katikati ya sarafu, kila kimoja upande wake, na vyote viwili ni sehemu zilizoinuka. Fedha inapopigwa haiyeyuki. Iko baridi, inatambaa tu kwa kukandamizwa, na sehemu iliyoinuka kwenye sarafu ndiyo shimo refu kwenye muhuri, kwa hiyo ndiyo hujaa mwisho. Pande mbili zikiwa na mashimo yanayotazamana, zinagombania fedha ileile. Mtambo ukiwa umelegezwa kidogo, au kisahani cha fedha kinachopigwa kikiwa chembamba, au hakikupashwa moto vya kutosha kikabaki kigumu, pande zote mbili hukosa. Ukikuta bega bapa na ngao bapa mahali pamoja, wakati herufi za pembeni zimesimama wima, basi usiilaumu mikono ya watu. Sarafu hiyo ilizaliwa hivyo.

Hili ndilo linalowashinda wengi, na ndilo lenye pesa ndani yake: kutofautisha kulika na mpigo dhaifu. Kwa juu zote mbili ni ubapa. Lakini mkono haubagui. Sarafu iliyozunguka sokoni na mifukoni hulambwa bega, pua, herufi, mdomo wake wa pembeni, kila kilichojitokeza, na hulambwa taratibu hata mipaka ikawa laini. Ubapa wa kulika ni mtelezo, una rangi ya kijivu iliyokufa. Ubapa wa mpigo dhaifu una ngozi yake: ukiutazama kwa lenzi utaona vishimo na mikwaruzo midogo ya kile kisahani cha fedha kabla hakijapigwa, vimebaki kwa sababu muhuri haukufika kuvifuta, na juu yake mng'aro wa kiwandani bado unatembea unapoizungusha. Mng'aro ukitembea juu ya ubapa bila kukatika, ujue hapakulika.

Kuna na la tatu, muhuri uliochoka. Muhuri ukipiga maelfu kwa maelfu huanza kulika wenyewe. Herufi zinanenepa, miguu yake inapanuka kuelekea ukingoni, na uwanja ulio wazi unapata michirizi myembamba inayotoka katikati kwenda nje. Wakati mwingine muhuri hupasuka, na ufa wake ukaonekana kwenye sarafu kama uzi ulioinuka. Kanuni yangu ni fupi: kilichoinuka kimetoka kwenye muhuri, kilichozama, ukiacha vile vishimo na mikwaruzo ya kisahani, sarafu imekipata baadaye. Ufa ulioinuka unaoanzia kwenye herufi ukaishia mdomoni mimi naulipia zaidi. Mkwaruzo uliozama siulipii.

Mkia nimeuacha makusudi. Manyoya ya mkia wa tai, jinsi yalivyopangwa na yalivyotenganishwa, ndiyo wajuzi huyatumia, pamoja na umbo la bizimu na mapambo ya ukingoni, kutenganisha viwanda na nyakati. Wachongaji wa Rome, London na Bombay walinakili sura ileile, lakini mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Yapo majedwali marefu ya tofauti hizi, na yanachosha. Ninachotaka kusema ni kwamba majedwali hayo hayakusaidii kitu kama mpigo ni dhaifu. Mkia ulioungana ukawa donge moja hauwezi kukwambia umetoka London au Brussels, hata ukae nao mpaka alasiri. Ndiyo maana kwangu mpigo unatangulia: bila huo hujui hata unachokishika ni nini. Herufi mbili chini ya bega, S.F., zipo kwenye zote. Zilikuwa za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, na zimeendelea kupigwa mpaka leo pamoja na ile tarehe. Zisikutie tamaa.

Usisahau ukingo. Riale haina meno pembeni kama rupia au shilingi. Imezungushiwa maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na mapambo katikati ya maneno. Mtu wa kughushi kwa kumimina fedha kwenye kalibu hufanikiwa nyuso mbili, akafeli hapo. Utakuta mshono umefunikwa kwa tupa, au herufi zimejaa uvimbe.

Ukiniuliza moyo wangu uko wapi, hauko kwenye riale. Uko kwenye rupia, na hili huwaudhi wanaoamini kwamba sarafu ya mkusanyaji lazima iwe kubwa. Rupia ya Kihindi ya gramu 11.66, fedha 917 katika elfu, ilikuwa pesa ya pwani hii mpaka 1920, na masonara wetu wanapima kwa tola, ambayo ni uzito wa rupia hiyohiyo. Zamani fundi alitia rupia upande mmoja wa mizani na bangili upande wa pili, biashara ikaisha. Rupia za Malkia Victoria zilipigwa vizuri kuliko wanavyozidhania waliozoea zilizolika. Tafuta nakshi za vazi lake kifuani na mawe ya taji. Ukivikuta vyote, umeshika kazi ya mchongaji hodari.

Ile ya 1911 ina kisa chake. Mfalme George wa Tano alipotawazwa, rupia mpya ikamwonyesha amevaa joho na mkufu wa nishani, na kwenye mkufu pana tembo mdogo. Mkonga wa yule tembo ulichongwa mfupi, na watu India wakaona nguruwe. Waislamu wakaja juu, serikali ikasimamisha utoaji na kuziyeyusha nyingi, na mwaka 1912 tembo akachongwa upya, akapewa mkonga wa kueleweka. Hapa, tofauti na riale, mwaka unasema. Lakini tazama mpigo tena: tembo huyo yuko sehemu ya kifuani, ndogo, yenye kulika upesi. Kwenye rupia dhaifu ya 1911 huoni tembo wala nguruwe, unaona kipele. Sarafu ambayo haionyeshi kisa chake ina faida gani? Kwangu ni fedha ya tola moja tu, nimpe sonara.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki nayo ilipiga rupia yake mwaka 1888, yenye jina la Mombasa na jua lenye taji, na maneno ya Kiingereza yasemayo nuru na uhuru. Ziligongwa Birmingham, kwenye kiwanda cha Heaton, kwa hiyo kazi ni safi, na ile ambayo haikutumika sana inavutia mno. Nuru na uhuru wenyewe sisemi kitu.

Kisha ikaja florini ya 1920. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeshindwa kuamua rupia ithaminiweje, ikaifunga kwa shilingi mbili, ikatoa florini, na haikumaliza miaka miwili kabla ya kuiondoa na kuleta shilingi. Florini ilikuwa fedha nusu kwa nusu, na kwa sababu ilikaa kidogo ikakusanywa, iliyobaki ni adimu. Shilingi iliyofuata, ile ya simba na milima nyuma yake, ilikuwa na fedha robo tu mpaka 1946. Kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Wazee wengi wanaziweka za 1948 wakidhani ni fedha kwa sababu ya weupe. Kwenye zile za fedha robo, angalia uso wa simba na manyoya ya shingo. Nyingi zina simba asiye na uso. Herufi ndogo za kiwanda zisikupite: H ni Heaton, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay.

Nikirudi kwetu, adui mkubwa wa mpigo hapa Lamu si chumvi ya bahari. Ni mapenzi. Idi ikikaribia, bibi hutoa kisanduku, huchukua majivu na ndimu, au ukwaju, au siku hizi dawa ya meno, na kusugua kila kilicho cha fedha mpaka king'ae. Kwa bangili ni sawa, ndivyo ilivyo. Kwa sarafu ni kuichuna ngozi. Mng'aro wa kiwandani ni michirizi midogo mno iliyoachwa na fedha ilipotambaa chini ya muhuri. Ukiisugua mara moja haipo tena, na hairudi. Kinachobaki ni weupe wa sufuria. Jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu kama mama, aliniita nikamtazamie riale zake.

"Ndoo mwanangu, uzione. Nimekutakasia."

"Ahsante sana, bibi. Lakini hii moja hukuisugua?"

"Hiyo ni chafu, naona haya kukupa."

Ile "chafu" ilikuwa na weusi wa zambarau na buluu ukingoni, ukififia kuelekea katikati, rangi ambayo fedha huivaa yenyewe ikikaa miaka mingi kwenye karatasi au kitambaa. Lulu za bizimu zilikuwa zimetengana zote, na ngao ya tai ilisomeka nembo kwa nembo. Nilimwambia asiiuze, wala asinipe mimi, na asiiguse na ndimu. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona kijana ameanza kupotea. Sijui kama amenisikia, Idi imeshapita.

Weusi wenyewe husababishwa na salfa iliyo hewani, na pia mipira ya kufungia noti, kwa hiyo usizifunge sarafu kwa raba. Hewa yetu yenye chumvi hushambulia shaba iliyo ndani ya fedha, ndipo hutokea kutu ya kijani. Mifuko laini ya plastiki inayonata ni mibaya kuliko bahari: baada ya muda hutoa mafuta ya kijani yanayokula uso. Karatasi isiyo na asidi, au kibweta kigumu, mahali pakavu, na kitambaa cha pamba. Sina la ziada.

Kuhusu sarafu zilizotobolewa, hapo nitagombana na wakusanyaji wa Nairobi na wa mitandaoni. Wao wakiona tundu wanageuza uso. Riale nyingi za pwani zilitobolewa zikavaliwa, au ziliunganishwa kikuku, au ziliyeyushwa kabisa, maana riale ndiyo ilikuwa fedha ghafi ya fundi kuanzia Yemen hadi Unguja. Tundu ni sehemu ya maisha yake huku. Nikiwekewa riale mbili, moja nzima lakini imesuguliwa ikafa, nyingine ina tundu juu ya kichwa na mpigo wake bado uko hai, nachukua ya tundu bila kujiuliza, tena kwa bei nafuu. Ila tundu lililozibwa na sonara na kupakwa rangi ili lisionekane, hilo ni la kuogopa. Litafute kwa mwanga wa ubavuni: herufi hapo zitakuwa zimechongwa kwa mkono, na uwanja utakuwa na wimbi.

Za bandia zimezidi, hasa forodhani msimu wa wageni. Sumaku inakamata zile za chuma tu. Fedha haishikwi na sumaku, lakini hata mchanganyiko wa shaba na nikeli haushikwi. Mlio husaidia, fedha ikigongwa kwenye ukingo hulia na sauti hubaki, ila usigonge sarafu nzuri ya mtu. Njia ninayoiamini ni maji. Weka gilasi ya maji juu ya mizani ya sonara, irudishe mizani kwenye sufuri, kisha ining'inize riale kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Riale halali inakupa gramu 2.75 hivi. Ya mchanganyiko wa shaba na nikeli yenye uzito uleule wa hewani itakupa kama 3.15. Tofauti hiyo hata mizani ya bei rahisi inaiona. Fundi mmoja wa Njia Kuu nilimfanyia mbele yake, akacheka, akaniambia, "Bwana, mimi naikata kidogo na patasi naona ndani." Kweli, ni haraka zaidi.

Jambo moja si la mzaha. Kuna sarafu za hapa ambazo ni kongwe kuliko Maria Theresa kwa karne nyingi. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta vipande vidogo sana vya fedha vilivyopigwa hapahapa pwani, vyenye majina ya Kiislamu kwa herufi za Kiarabu, vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vilipigwa kwa nyundo, kwa mkono, ndiyo maana hati haikai katikati na nusu ya jina hubaki nje ya fedha. Kwa kipimo cha riale ungesema mpigo mbovu. Kwa kipimo chake, kuona hata herufi tatu zilizokamilika ni bahati. Vitu hivi haviuzwi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inataka kinachookotwa kwenye magofu kitolewe taarifa, na makumbusho ya Lamu yako hapo hapo ufukweni, huna haja ya nauli. Mtu akikunong'oneza kwamba ana "vipesa vya Shanga", mrudishie kitambaa chake uondoke. Licha ya sheria, kipande kilichong'olewa bila kujua kilikuwa tabaka gani la udongo kimeshapoteza nusu ya habari yake.

Bei, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kila siku barazani. Riale ya kawaida iliyolika ina fedha gramu 23.39, zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, ongeza kidogo kwa heshima ya malkia, basi. Usilipie 1780. Ongeza pale ambapo lulu zimetengana, ngao inasomeka, ukingo una maneno yote na uso haujaguswa na ndimu. Punguza kwa kusuguliwa kuliko unavyopunguza kwa tundu. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike, riale hazijaisha duniani. Zilipigwa mamia ya mamilioni na Vienna bado inaendelea.

Florini ndizo zimeisha. Yuko mzee wa Faza anayesema anayo moja ya 1920, aliachiwa na ami yake nahodha, na kwamba simba wake ana macho mawili. Amekataa kuipiga picha kwa simu. Anasema atapanda nayo mashua akija Maulidi, nami nimeshamwandalia chai, lenzi na gilasi ya maji.